Mkonge Hufungua Usiku

Hili nimelisema Korogwe, nimelisema Muheza, na hapa Tanga nitalisema mpaka lieleweke. Kila ukame ukipiga naulizwa, "Mtaalamu, mahindi yetu yamekosa jeni gani?" Hayajakosa! Swali lenyewe ndilo linalotupoteza.

Utazameni mkonge. Ile miche 62 iliyosalimika safari ya Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, ndiyo iliyozaa mashamba ya mkoa huu. Jua likiwaka mahindi yananyauka, mkonge umesimama wima. Kwa sababu gani? Mchana matundu ya majani yake yamefungwa, maji hayatoki. Usiku, hewa ikipoa, unayafungua, unavuta hewa ya ukaa na kuiweka akiba kama asidi ya maliki. Kukicha unafunga tena, asidi ile inavunjwa, na jua linatumika kutengenezea sukari huku maji yakibaki ndani.

Sasa nisikilizeni hapa. Kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi ndani ya mmea, kinachoidaka ile hewa usiku kimo pia kwenye mahindi, tena tele, ila mahindi hukitumia mchana. Kwenye mpunga kimo. Kwenye mchicha kimo. Tofauti iko kwenye amri: jeni ipi iwashwe, wapi, saa ngapi. Mkonge una protini nyingine ambayo jeni yake huamka usiku kwa kufuata saa ya ndani ya mmea, nayo ndiyo inayokiweka kimeng'enya hicho kazini gizani. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kumlinganisha ndugu wa mkonge, Agave americana, na arabidopsisi, kile kimmea cha maabara. Jeni za kufungua na kufunga matundu wote wanazo. Ratiba ndiyo iliyogeuzwa.

Najua yupo anayesema moyoni: basi chukueni jeni ya mkonge mtutilie kwenye mahindi. Ndugu yangu, jeni ipi? Hapo unataka kuhamisha ratiba nzima, inayoendeshwa na jeni chungu nzima zinazopokezana zamu. Anayewaahidi mbegu yenye "jeni ya ukame" moja inayomaliza kila kitu, mwulizeni: inawaka lini? Mmea ukifunga matundu mapema mno haukauki, lakini haushibi pia, na gunzi linabaki na mapengo.

Mpunga niupitie haraka, maana watu wa Pangani wananitazama. Kwenye mafuriko ipo jeni moja iliyofanya kazi kubwa, Sub1A, iliyotambuliwa mwaka 2006 kutoka mpunga wa India uitwao FR13A. Hiyo nayo ni ya kutoa amri: huuzuia mpunga uliozama usirefuke na kumaliza akiba yake, hata ukakaa chini ya maji kama wiki mbili kisha ukachipua. Lakini maji ya chumvi yanayotoka baharini na kupanda mto kwenu Pangani ni shida nyingine kabisa, na kwa hilo Sub1A haiwafai. Msinunue mbegu ya mafuriko mkidhani mmenunua na ya chumvi.

Maswali. Tuanze na mama yule pale nyuma.