Ubavu wa kabati za jikoni: umalizie na nini?

REHEMA: Karibuni tena jamani. Leo tunaongelea ubavu wa kabati za jikoni, yaani ule upande unaobaki wazi pale kabati zinapoishia, iwe karibu na friji, karibu na mlango au ule unaotazama sebuleni. Msikilizaji wetu mmoja yuko Mbezi katutumia voisi, jiko lake na sebule ni chumba kimoja, milango ya kabati kachagua rangi ya mbao ila maboksi yote ni meupe, sasa kila akikaa kwenye kochi anauona ule weupe tu. Anauliza afanyeje. Fundi Shabani, za kwako?

SHABANI: Nzuri dada Rehema. Hili swali linaniuma kweli, kwa sababu watu wanahangaika na milango, vitasa, granaiti, halafu ubavu haumo hata kwenye hesabu ya bei. Fundi anakata boksi kwa melamini nyeupe, yaani bodi yenye ganda laini la plastiki, anafunga, anaondoka. Na ndo sehemu mgeni anaiona kwanza akiingia.

REHEMA: Kwa hiyo huyu bado hajachelewa?

SHABANI: Hajachelewa kabisa. Mimi msimamo wangu ni huu, boksi libaki jeupe, halafu ubavu unaoonekana uvalishwe paneli yake peke yake, ya bodi ileile ya milango. Usitengeneze boksi zima kwa bodi ya rangi ili tu upande mmoja upendeze, pesa inapotea ndani ambako sahani tu ndo zinaona. Paneli ni kipande tofauti, unakifunga kwa skrubu kutokea ndani ya boksi, kikiharibika baadae unakifungua unaweka kingine, kabati halijaguswa.

REHEMA: Skrubu sio gundi?

SHABANI: Skrubu. Ukipiga gundi umefunga ndoa. Na uangalie urefu wake, boksi likiwa la milimita 16 na paneli ya 18, jumla 34, basi tumia skrubu ya 30, maana ukiweka ya 35 na ukaikaza sana ncha inatokeza upande wa sebuleni na hapo hakuna dawa. Toboa kwanza tundu dogo ndio uikaze.

REHEMA: Kuna kitu nimekiona kwenye majiko mengi, paneli imewekwa lakini inaishia nyuma ya mlango, ukisimama pembeni unaona unene wa mlango umechomoza, haijakaa vizuri kabisa.

SHABANI: Kwa sababu walikata sawa na boksi! Boksi lina kina cha sentimita 56, mlango nao una unene wake wa milimita 18 na kinafasi kidogo pale unapogusa boksi, kwa hiyo paneli ikate 58 ije ilingane na uso wa mlango. Na kama bodi ina mistari ya mbao, mistari isimame kama ya mlango, isilale. Fundi akitaka kubana bodi atakulazia, we kataa. Bodi moja ya milimita 2440 kwa 1220 inatoa paneli nne za kabati za chini zenye urefu wa sentimita 87 mistari ikiwa imesimama, hamna sababu ya kulaza.

REHEMA: Na bodi yenyewe inunuliwe siku moja na ya milango.

SHABANI: Siku moja, duka moja, mzigo mmoja. Hata nyeupe ziko nyingi dada, kuna inayoelekea maziwa kuna inayoelekea bluu, dukani huoni ila ukizisimamisha pamoja jikoni taa ikiwaka ndo unajua.

REHEMA: Sasa tuje kwenye maji, maana huku kwetu tunadeki, tena kwa ndoo na maji mengi. Mimi naamini kinachomaliza kabati nyingi za Dar ni tambara la deki kuliko hata sinki.

SHABANI: Hapo umesema. Paneli inayoshuka mpaka sakafuni inakunywa maji kwa chini, kila siku kidogo kidogo, na kama ni chipubodi au MDF ya kawaida, zile bodi za chembe au unga wa mbao ulioshindiliwa, inafura kama andazi na hairudi tena hata ikikauka. Na chini ndo sehemu fundi hawekagi ejingi, ule utepe wa kuziba kingo za bodi, kwa sababu haionekani! Mimi nataka ejingi pande zote nne, ya PVC, ya chini ikiwezekana ya milimita 1 au 2, sio ile nyembamba ya kupiga pasi. Halafu inyanyue paneli milimita tatu nne kutoka kwenye tailizi, ule mwanya uzibe kwa silikoni. Wengine wanaisimamisha juu ya kipande cha tailizi ileile ya skatingi, hiyo nayo nzuri sana.

REHEMA: Na mende?

SHABANI: Mende wanapenda pale kati ya paneli na boksi, na kati ya paneli na ukuta. Kuta zetu zimepigwa plasta kwa mkono, hazijanyooka, kwa hiyo paneli ya upande wa ukutani usiikate moja kwa moja kwa vipimo. Iache pana kidogo, isimamishe, chora mstari kwa penseli ukifuata ukuta ulivyo, kisha randa mpaka mstari. Ikikaa vizuri silikoni inahitajika kidogo tu.

REHEMA: Kuna wasiotaka paneli, wanataka kupaka rangi tu ule ubavu.

SHABANI: Inawezekana, ila melamini inateleza, rangi haishiki. Lazima upige msasa mpaka ule mng'ao uondoke, ufute vumbi na mafuta, uweke praima ya kushika sehemu zinazoteleza, ndio rangi. Ukiruka hapo rangi itabanduka kama ngozi. Na MDF kingo zake zinakunywa rangi sana, zizibe kwanza kwa sila, msasa tena, mpaka mkono usihisi tofauti.

REHEMA: Na stika? Kwa mpangaji mimi naona ni sawa, hawezi kufunga paneli kwenye nyumba ya mtu.

SHABANI: Kwa mpangaji sawa, mbali na jiko lakini. Ikikaa pembeni ya jiko la gesi mvuke na joto vinaibandua kwenye kona, inajikunja.

REHEMA: Kuna mteja wa mninga sasa. Milango yake yote mbao ngumu, anataka ubavu nao uwe mninga mzima mzima.

SHABANI: Asibandike ubao mpana juu ya boksi. Mbao inatanuka na kusinyaa kwa upana wake kulingana na unyevu wa hewa, na pwani unyevu unapanda na kushuka, ukiibana utapasuka. Tengeneza fremu yenye mifereji ndani, kile kipande cha katikati kikae kwenye mfereji bila gundi, kipate pa kuhemea. Kinakuwa kama mlango usiofunguka, na ukilingana na milango mingine jiko linapendeza mno, kwangu hakuna umaliziaji unaozidi huo.

REHEMA: Mimi bado moyo wangu uko kwenye granaiti iliyoshuka mpaka chini.

SHABANI: Maji ya deki hayaiwezi, nakubali. Ila ujue uzito, ya sentimita 2 kwa ubavu mmoja wa kawaida inakaribia kilo 28, isimame kwenye sakafu yenyewe isining'inie kwenye boksi. Na hata kama utaweka paneli ya bodi, aje mpimaji wa granaiti ya juu ya kabati paneli ikiwa tayari imefungwa, la sivyo jiwe litakatwa fupi na huwezi kulirefusha.

REHEMA: Za juu je?

SHABANI: Za juu watu wanasahau chini yake. Mtu aliyekaa sebuleni anaona tumbo la kabati, weupe na vichwa vya skrubu. Valisha bodi ya milango na hapo pia, na paneli ya ubavu ishuke sentimita 3 zaidi, utaficha na taa humo.

REHEMA: Na ile silikoni ya chini, baada ya kuweka mtu anadeki lini?

SHABANI: Achukue ile inayozuia ukungu, aiache masaa 24 ndo maji yaguse.

REHEMA: Haya, mwenye ubavu uliomshinda atutumie picha na vipimo, tutaangalia kipindi kijacho.