Hofu Yenye Mlango wa Kutokea

Asanteni kwa kunikaribisha tuzungumze kwa nini watu hulipa ili watishwe. Mwaka 1995, Pemba na baadaye Unguja, watu walihama vyumba vyao usiku. Familia nzima zilitandika mikeka nje, wakakoka moto, wakalala kwa makundi, kwa kuwa ilisemwa zimwi liitwalo Popobawa humvamia mtu ndani, kitandani mwake. Hakuna aliyeifurahia hofu ile.

Sasa ingia kibanda umiza cha Dar es Salaam, yaani kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video, siku ya picha ya kutisha. Watu wamelipa kiingilio, wamebanana kwenye mabenchi, wanataka watishwe. Msichana kwenye skrini ananyoosha mkono kushika kitasa, na kibanda kizima kinapiga kelele: "Usifungue! We dada, usifungue!" Mmoja kafunika macho kwa viganja, lakini vidole kaviachanisha. Umeme ukikatika hapo, huyo huyo ndiye wa kwanza kudai hela yake.

Miili ya watu wale wa Pemba na hawa wa kibandani haina tofauti. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, adrenalini inamwagika kwenye damu. Ila huyu wa kibandani anajua pa kutokea. Anaweza kufumba macho, kucheka, kwenda kununua karanga. Hofu ni yake, na hatamu kaishika mwenyewe.

Lakini hofu ikiwa ndogo mno nayo haina ladha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walikwenda kwenye nyumba ya vitisho mjini Vejle, ile ambayo watu hulipa ili wakimbizwe gizani, wakawavisha wageni 110 vipimo vya mapigo ya moyo. Matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliofurahi zaidi hawakuwa walioogopa kupita kiasi, wala wale waliobaki watulivu. Walikuwa wa katikati.

Raha yenyewe inatoka wapi? Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba msisimko hautoki mwilini papo hapo. Zimwi likishauawa moyo bado unadunda, na mdundo ule uliobaki unaikuza hisia inayofuata, yaani ahueni. Maelezo mazuri, ila hayanitoshi. Ziko picha ambazo zimwi ndilo linaloshinda, na watu wanarudi wiki ijayo.

Ndiyo maana mimi nikiwa kibandani huliangalia benchi kuliko skrini. Mwaka 1986 Zillmann huyo huyo na wenzake waliwaketisha wanafunzi wa chuo, mvulana na msichana, watazame picha ya kutisha. Wavulana waliifurahia zaidi walipokaa na msichana anayeonyesha woga, na wasichana walipokaa na mvulana asiyetikisika. Naona huko nyuma mnacheka, mnajijua.

Wengine husema picha hizi ni mazoezi ya kuikabili hofu ya kweli. Corona ilipoingia, mtafiti Coltan Scrivner na wenzake waliwahoji watu, wakakuta wapenzi wa picha za kutisha walikuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wengine. Tusikimbilie kusema picha ndizo zilizowakomaza. Huenda waliokomaa tayari ndio wanaozipenda.

Kwetu huku kuna jambo moja ambalo tafiti hizo hazikuligusa. Mtazamaji wa kibandani akimwona zombi wa Marekani, anatishika na kucheka kwa pamoja, kwa sababu hajawahi kusikia zombi kaonekana Manzese. Mwekee jini wa kike aliyejifunga khanga, anayesimama chini ya mbuyu na kuita kwa jina, na kibanda kinanyamaza. Jini huyo kasimuliwa na bibi yake, kasomewa dua asimguse. Picha ikiisha, jini haondoki. Mlango wa kutokea unakuwa mwembamba, na hata hivyo picha za majini ndizo zinazojaza mabenchi. Watengenezaji wa filamu zetu walilijua hilo zamani, bila kumfunga mtu kipimo chochote cha moyo. Haya, nani ana swali?