Pumzi Inaishia Wapi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita mliotoka Temeke, Mbagala, wengine mmevuka na pantoni kutoka Kigamboni kwa jua hili, asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie misingi ya baiokemia, yaani kemia ya viumbe hai. Nitaanza na swali nililoulizwa nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kwenye mtihani wa mdomo. Mwalimu aliniuliza: kwa nini tunapumua? Nikajibu, ili tupate oksijeni. Oksijeni ya nini? Ya kuishi. Inafanya nini huko ndani hata uishi? Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimekariri mzunguko wa Krebs, njia ambayo seli huvunjia chakula, hatua zake zote nane na majina yake yote, lakini hewa niliyokuwa naivuta palepale mbele yake sikujua inaishia wapi. Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na kila mwaka napokea vijana wenye akili nzuri waliokwama palepale nilipokwama mimi. Inaniuma, kwa sababu kosa si lao. Tunawapa majina kabla hatujawapa swali.

Kwa hiyo leo tuifuate pumzi moja mpaka mwisho wake. Na safari tuianzie kwenye sahani, maana pumzi na chakula vinakwenda kukutana.

Kwenye sahani kuna ugali, dagaa wa kukaanga na kisamvu cha nazi. Makundi makubwa ya molekuli za uhai yako hapo tayari. Ugali ni wanga, dagaa ni protini, tui ni mafuta. Kundi la nne halionekani, nalo ni asidi za nyukilia, yaani DNA na RNA. Zimo katika seli za yule dagaa na za lile jani la muhogo, zimebeba maelekezo ya namna ya kuunda protini. DNA inastahili jioni yake peke yake, kwa hiyo leo naipita.

Kwenye wanga nataka tukae kidogo. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, na kila glukosi ina atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Sasa tazameni kiti cha mbao ulichokalia, au karatasi uliyoshika mkononi. Hiyo ni selulosi, nayo ni mnyororo wa glukosi ileile. Ugali na karatasi vimejengwa kwa tofali moja! Tofauti iko kwenye namna tofali moja lilivyoshikana na jirani yake. Kwenye wanga glukosi zote zimelala upande mmoja. Kwenye selulosi moja iko chali, inayofuata kifudifudi, hivyohivyo mpaka mwisho. Basi. Kwa tofauti hiyo tu, kimoja kinakushibisha na kingine kinapita tumboni bila kukuachia kitu. Ng'ombe anafaidi majani kwa sababu tumboni mwake amehifadhi vijidudu wenye uwezo wa kukata ule mshikamano wa pili. Sisi hatuna.

Kinachokata kinaitwa kimeng'enya. Tafuna tonge la ugali mkavu bila mboga, usimeze haraka, na baada ya muda utasikia utamu kwa mbali. Ni amilesi ya mate inaukata wanga kuwa sukari. Waliokulia kwenye nyumba za togwa wameiona kazi hiyo kwa macho. Uji mzito wa mtama au mahindi unaachwa upoe kiasi, unatiwa unga wa kimea, yaani ulezi au mtama uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa. Muda si mrefu uji unalegea, mwiko unazunguka wenyewe, na utamu unaingia bila mtu kutia sukari. Mbegu inapoota hutengeneza amilesi ili mche upate chakula, nasi tunaiazima. Na mama akijua hilo, anaweza kuweka unga mwingi zaidi kwenye kikombe kilekile cha uji wa mtoto, mtoto akanywa bila shida. Ila kimea kisiingie uji ukiwa unachemka. Kimeng'enya ni protini, ni mnyororo wa asidi za amino uliojikunja kwa umbo maalumu, na moto mkali unalikunjua umbo hilo. Kikishakunjuka, kazi imekwisha.

Zamani wanasayansi wakubwa waliamini kwamba kazi za namna hii haziwezekani bila seli iliyo hai. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira kwa mchanga, akaikamua, akabaki na maji yake tu bila seli hata moja. Akatia sukari ili yale maji yasiharibike. Mapovu yakaanza kutoka, na sukari ikawa inageuka pombe. Ni kazi ileile inayofanyika ndani ya kibuyu cha mgema kila siku, lakini safari hii hapakuwa na kiumbe hai ndani ya chombo. Mwaka 1907 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwangu mimi baiokemia ilizaliwa kwenye chombo kile.

Haya, glukosi imefika kwenye damu. Homoni ya insulini inaifungulia mlango kwenye misuli, imeingia ndani ya seli. Itumike vipi?

Glukosi ni noti ya elfu kumi. Panda daladala asubuhi na mapema na noti hiyo, uone konda atakavyokutazama. Seli haina kazi inayolipwa kwa glukosi nzima. Kukunja msuli, kusukuma chumvi nje, kuunganisha asidi mbili za amino, vyote vinataka chenji. Chenji ya seli ni ATP, molekuli ndogo inayobeba nguvu kidogo kidogo. Seli hailimbikizi ATP. Inaiunda na kuitumia papo hapo, kiasi kwamba ukijumlisha ATP yote anayoiunda mtu mzima kwa siku moja, uzito wake unakaribia uzito wa mwili wake mwenyewe.

Chenji ya kwanza inapatikana kwa hatua kumi ziitwazo glikolisi. Glukosi inapasuliwa vipande viwili vya piruveti, na faida ni ATP 2. Ni kidogo, lakini inapatikana haraka na haihitaji oksijeni. Mwaka 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Mzunguko wa mwisho wa mbio kama zile, misuli inadai ATP kuliko mapafu yanavyoweza kuhudumia, na glikolisi inakimbizwa kwa nguvu zote. Piruveti inageuzwa kuwa laktiki ili kazi isisimame. Watu wengi wameambiwa laktiki ni taka. Si taka. Inasafiri kwenye damu mpaka kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa glukosi tena. Njia hiyo ilifuatiliwa na mke na mume, Gerty na Carl Cori, waliopata Nobel mwaka 1947.

Oksijeni ikiwepo, piruveti inaingia kwenye mitokondria, vile vyumba vidogo vya ndani ya seli vinavyoizalishia nguvu, na huko ndiko kwenye mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Makala yake ya kwanza ilirudishwa na jarida la Nature, akalazimika kuichapisha kwingine. Sitawaandikia hatua nane ubaoni. Nataka mjue mambo mawili tu yanayotokea pale. La kwanza, kaboni za ugali wako zinang'olewa moja moja na kutoka kama kaboni dayoksaidi. Ndiyo kusema ugali ulioula mchana sehemu yake kubwa unautoa kwa pua. Mtu akipungua uzito, mafuta yake mengi yametokea hukohuko puani. La pili, hidrojeni zinavuliwa pamoja na elektroni zake na kupakiwa kwa wachukuzi. Mchukuzi mkubwa anaitwa NAD, na mwili unamtengeneza kwa vitamini B3.

Oksijeni bado hatujaiona! Mpaka hapa haijagusa kitu. Hakuna sehemu ya mzunguko wa Krebs ambapo oksijeni ya hewa inaungana na kaboni ya chakula. Nilipolijua hili niliacha kulala usiku mmoja mzima.

Wachukuzi wanashusha elektroni kwenye utando wa ndani wa mitokondria, ambako kuna protini kubwa nne zimepangwa. Elektroni zinapokezwa kutoka moja hadi nyingine, na kila zinaposhuka zinaachia nguvu kidogo. Mwisho kabisa, kwenye protini ya nne, lazima awepo wa kuzipokea, la sivyo foleni yote inarudi nyuma mpaka kwenye sahani. Nani anazipokea?

(Msichana mmoja katikati ya ukumbi: "Oksijeni!")

Oksijeni, mwanangu. Molekuli moja ya oksijeni inachukua elektroni 4 na hidrojeni 4, inakuwa nini?

("Maji.")

Maji. Pumzi uliyoivuta sasa hivi inaishia kuwa maji. Hapo ndipo nilipopaswa kufika siku ile ya mtihani.

Bado swali la nguvu. Elektroni zinashuka, sawa, lakini ATP inaundwaje? Kwa miaka mingi watu walitafuta molekuli fulani ya katikati, wasiipate. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alisema molekuli hiyo haipo. Alisema nguvu inatumika kusukuma protoni, yaani hidrojeni zilizovuliwa elektroni zake, kutoka upande mmoja wa utando kwenda wa pili, zikajazana kule, na zinaporudi ndipo ATP inaundwa. Wengi walimpinga. Nobel aliipata mwaka 1978.

Sisi Watanzania tuna bahati ya kulielewa hili upesi. Pale Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere, maji yamezuiwa yakajaa, kisha yanapitishwa kwenye mitambo 9 ya kufua megawati 2,115. Utando wa mitokondria ni ukuta wa bwawa, na protoni ni maji. Na sitii chumvi: protini inayounda ATP inazunguka kweli, ina mhimili unaozungushwa na protoni zinazopita, zaidi ya mara mia kwa sekunde. Wanasayansi Paul Boyer na John Walker walipata Nobel mwaka 1997 kwa kueleza namna inavyofanya kazi. Kwa njia hii noti ileile ya glukosi inatoa ATP 30 hivi, badala ya 2.

Sasa niwaambie kwa nini nalipigia kelele jambo hili hapa Dar es Salaam. Njia hii inaweza kuzibwa, na vinavyoiziba viko jikoni kwetu.

Cha kwanza ni jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua, madirisha yamefungwa. Mkaa usiopata hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Inaishika hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, lakini oksijeni haina usafiri. Usingizi unamzidi, haamki. Jiko libaki nje, hata likionekana limezima. Hili sina namna ya kulisema kwa upole zaidi.

Cha pili ni sianidi, nayo tunaipanda shambani. Jani na mzizi wa muhogo vina kitu kiitwacho linamarini, na pembeni yake, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya cha kuikata. Havikutani mpaka seli ipasuke. Mnyama akiuma, vinakutana, sianidi inatoka. Ni silaha ya mmea. Sianidi inakwenda moja kwa moja kwenye ile protini ya nne, inakalia kiti cha oksijeni. Damu imejaa oksijeni lakini seli haiwezi kuitumia.

Bibi yangu mzaa mama, kule Newala, hakusoma hata darasa moja. Muhogo mchungu aliumenya, akauvundika, akauanika ukawa makopa, ndipo ukasagwa. Kisamvu alikitwanga kwanza, ndipo akakichemsha kwenye sufuria isiyofunikwa. Angalieni huo mpangilio. Kutwanga kunavunja seli, kimeng'enya kinakutana na linamarini na kuimaliza. Ukianza kwa kuchemsha majani mazima, moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki. Kisha sianidi huwa mvuke kwenye nyuzijoto 26 hivi, chini ya joto la mchana hapa mjini, kwa hiyo ukiacha sufuria wazi inakimbia yenyewe. Mihogo tunayokula pale Coco Beach ni aina tamu, sumu yake ni ndogo. Ni ile michungu inayotaka subira.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime waliukosa muda wa subira hiyo. Wengine walipooza miguu ghafla, wasipone. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na unahusishwa na sianidi ya muhogo usioandaliwa vizuri pamoja na uhaba wa protini. Mwili unajua kuiondoa sianidi, unaiunganisha na salfa na kuitoa kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye asidi za amino mbili, sisteini na methionini, zilizomo kwenye samaki, mayai na nyama. Kwa hiyo yule dagaa kwenye sahani hakuwekwa kando ya kisamvu kwa ajili ya ladha peke yake.

Nimeona mkono. Mama pale nyuma, karibu.

("Mwalimu, siku hizi hatutwangi. Tunanunua kisamvu kilichosagwa kwa mashine sokoni. Kinafaa?")

Kinafaa, mama yangu. Mashine inapasua seli kuliko hata mchi. Ila kikifika nyumbani usikimbilie kutia tui. Kichemshe kwanza kwa maji mengi, na mfuniko uweke pembeni.