Juni ya Mittimatalik haimo kwenye rejista

Ahsanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na hapo hapo akanikonyeza, maana anajua nikianza habari za Aktiki sishikiki. Walionisikia mwaka jana watanivumilia. Walimu hatubadiliki mpaka tusemwe mara saba.

Kwa wageni: nilifundisha Mittimatalik, mji ambao ramani nyingi huuandika Pond Inlet, kaskazini mwa Kisiwa cha Baffin, jimbo la Nunavut, Kanada. Wakazi ni kama 1,600, karibu wote Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki. Zile nyumba za barafu tulizochora shuleni tuziache huko huko kwenye madaftari. Watu wanakaa kwenye nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo. Maji huletwa na lori na majitaka huondoka na lori jingine, kwa sababu bomba hulifukii kwenye udongo ulioganda mwaka mzima. Hilo limekwisha.

Nataka kusema juu ya Juni. Tangu mapema Mei hadi mwanzoni mwa Agosti jua halizami. Saa nane usiku watoto wako nje na baiskeli, matope mpaka magotini, na ndani mama amebandika karatasi ya foili dirishani ili angalau kichanga kipate usingizi. Naona huyu dada wa mbele ameshakunja uso: wazazi gani hawa? Wazazi wazuri tu. Toka katikati ya Novemba hadi mwishoni mwa Januari jua halijachomoza hata siku moja. Sasa limekuja, wewe unataka kumfungia mtoto ndani eti saa imefika? Atalala akichoka. Na anachoka kweli, unamkuta kwenye kochi la shangazi yake na viatu miguuni.

Na bahari bado imeganda! Hapa ndipo wanafunzi wangu wa chuo hunipotea kila mwaka. Nchi kavu theluji inaondoka, maua ya zambarau yanachungulia kwenye mawe, joto nyuzi mbili tatu juu ya sifuri, lakini mlango wa bahari kati ya mji na Kisiwa cha Bylot ungali barafu inayobeba pikipiki ya theluji na familia nzima nyuma yake. Itapasuka Julai. Kwa hiyo ni majuma machache tu: mwanga saa zote, barafu inayopitika, sili wameota jua kando ya mashimo yao, bata bukini wanataga, samaki wa jamii ya samoni wanavuliwa kwenye nyufa. Kaya inahama. Hema la turubai, jiko la mafuta, unga, majani ya chai, bibi, wajukuu, wote juu ya qamutiik.

Qamutiik ni sleji ndefu ya mbao. Vipande vyake vya kukingama havipigiliwi misumari, vinafungwa kwa kamba, ili sleji ijipinde barafu inapopanda na kushuka. Ukipigilia misumari itakatika kabla hujafika popote. Na ni ndefu kwa sababu: mkifika kwenye ufa usio mpana sana, sleji yenyewe ndiyo daraja lenu.

Tulifika kwenye ufa kama huo, familia moja ilinichukua. Bibi alikuwa amekaa juu ya magodoro na kikombe chake cha chai. Mjomba akazima injini. Nikadhani atashuka yeye. Akashuka mvulana wa miaka kama tisa, akachukua fimbo yenye ncha ya chuma, akatangulia. Anachoma barafu, anasikiliza, anasogea, anachoma tena. Huko Juni barafu inakuwa na madimbwi ya maji ya buluu juu yake, na dimbwi lililokauka ghafla lina habari yake: maji yamepata tundu la kushukia. Barafu nyeupe ina nafuu, nyeusi ogopa. Mvulana akafika ukingoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi na kunyoosha mkono upande wa mashariki. Hakusema neno. Mjomba akawasha injini, tukazunguka upande huo, njia ndefu zaidi ya nusu saa.

Mimi, mwalimu, nikaanza: kwa nini asipite pale? Alijuaje? Nani alimfundisha? Bibi akanitazama kwa huruma kabisa. Kule kuuliza-uliza ni mambo ya watoto wadogo. Mtu mzima anaangalia. Yule mvulana ameangalia tangu akiwa mgongoni, ndani ya kofia pana ya koti la mama yake, na siku hiyo watu saba wamempa roho zao aziongoze. Hakupewa makofi, hakupewa pipi. Alipewa kibanzi cha ini la sili baadaye, kama kila mtu, tukiwa tumezunguka boksi la kadibodi lililotandazwa chini, bibi akikata nyama kwa ulu, kile kisu chake cha nusu duara.

Sasa sikilizeni. Kwenye rejista ya shule moja niliyoifahamu, sina haja ya kuitaja, mtoto huyo siku hiyo aliandikwa mtoro.

Hapo ndipo damu inanichemka. Kwa sababu shule, huko, haikuja mikono mitupu. Katika miaka ya 1950 na 1960 zipo familia zilizoacha makambi yao zikahamia mjini kwa kuwa watoto walichukuliwa kwenda shule na wazazi hawakutaka kuachana nao. Mbwa wa kukokota sleji walipigwa risasi. Serikali ya Kanada iliomba radhi kwa Wainuit wa eneo hilo Agosti 2019. Na mitihani ya darasa la mwisho kwa miaka mingi imekuwa ya Alberta, mkoa wenye ngano na mafuta, usio na bahari hata tone.

Ndiyo, ndiyo, najua: "Mwalimu, kwa hiyo watoto wasisome?" Kila mwaka swali hili! Wasome. Nimekula mshahara wa ualimu maisha yangu yote, nitasemaje wasisome? Nasema kalenda ipinde. Na inapindika: Sheria ya Elimu ya Nunavut ya 2008 iliipa mamlaka ya elimu ya kila mji sauti katika kupanga mwaka wa shule, na ipo miji inayofunga mapema ili watu waende zao. Sheria ipo. Ninayegombana naye ni mwalimu anayefungua shule kwa mwili huku moyoni mwake kila aliyeko barafuni ni mtoro.

Mwingine ataniambia napamba maisha ya watu wenye dhiki. Dhiki ipo. Zaidi ya nusu ya kaya za Nunavut hazina uhakika wa chakula. Bidhaa za dukani huja kwa ndege, au kwa meli inayosubiri barafu iondoke. Pikipiki, mafuta, risasi, vyote pesa. Mwenye muda hana mafuta, mwenye mafuta yuko ofisini hana muda. Ndiyo maana wiki za Juni zinagombaniwa hivi: sili mmoja ni nyama ya nyumba tatu, na hauzwi, anagawiwa.

Nilitaka kusema kuhusu majina, jinsi mama mmoja alivyokuwa akimwita bintiye wa miaka minne "baba" kwa kuwa amerithi jina la marehemu babu yake, na mimi peke yangu kati ya walimu wageni sikushangaa, kwa kuwa kwetu mjukuu huitwa babu na akatumwa maji hivyo hivyo. Muda hauniruhusu. Vifaa vya kupima unene wa barafu vya SmartICE, vinavyofanya kazi pamoja na fimbo ya chuma na si badala yake, navyo navipita. Mgodi wa chuma wa Mary River na meli zake kwenye njia ya narwali, wale nyangumi wenye pembe ndefu, serikali ilikataa upanuzi wake Novemba 2022, hilo lina mhadhara wake.

Mwenyekiti anatazama saa. Maswali. Wewe kaka wa nyuma, simama, na tafadhali usiniulize habari za dubu.