Nimemsindikiza Mama Posta Mwanza, na Kuna Jambo Lazima Niwaambie

Mwangaluka! Mwangaluka watu wangu wa Mwanza, na ninyi wa Ukerewe, Sengerema, Magu, Bukoba, popote mnaponiangalia. Leo sipo Leeds, kule Uingereza ninakoishi. Nyuma yangu hapo mnaliona Jiwe la Bismarck, na honi hiyo mnayoisikia ni ya feri ya Kamanga. Niko nyumbani kwa likizo ya wiki tatu. Niliwaahidi video ya daraja la Kigongo–Busisi, na itakuja, lakini kuna jambo limetokea juzi Jumatano nikasema hili siwezi kulala nalo. Leo tuzungumze kuhusu posta.

Najua kuna mtu ameshauliza: posta, enzi hizi za simu? Subiri kidogo.

Kabla sijajua kama nitapewa ruhusa kazini, nilikuwa nimemtumia mama kifurushi. Jozi mbili za miwani ya kusomea, sweta, na albamu ya picha za wajukuu wake, picha za karatasi kabisa, maana mama anataka kitu cha kushika. Ikatokea nimefika mimi, na kifurushi nacho kimefika. Akapigiwa simu kwamba mzigo wake uko kwenye ofisi ndogo ya posta iliyo karibu na mtaa wetu. Si ile kubwa ya mjini. Hii ina madirisha mawili, benchi la mbao, na feni moja inayozunguka taratibu. Mama bado anaiita "Posta na Simu", kama wazee wengi wanavyoiita, ingawa vitu hivyo viwili vilitenganishwa na Shirika la Posta likaanza kusimama peke yake mwaka 1994.

Tukaingia. Foleni ya watu kama sita. Kijana mmoja alikuwa anatuma nyaraka kwa EMS, ile huduma ya haraka ya posta, baba mmoja amekuja kulipia sanduku lake la mwaka. Yule dada wa dirishani, kabla hata zamu yetu haijafika, akainua macho: "Shikamoo mama. Kaa hapo kwenye benchi, zamu yako naijua, nitakuita." Mama akakaa. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, na hakuna aliyemwambia yule dada.

Zamu ikafika, na hapo ndipo tatizo likajitokeza. Kwenye kifurushi nilikuwa nimeandika jina ambalo mtaa mzima unamwita mama, yaani Mama na jina langu mimi. Kitambulisho chake cha NIDA kina majina yake matatu, na hakuna hata moja kati ya hayo kwenye boksi. Kwa haki kabisa yule dada angeweza kukataa. Mzigo wa mtu haukabidhiwi kwa mtu mwingine kwa sababu tu ana uso wa huruma, na mimi nisingependa wa kwangu ukabidhiwe hivyo.

Akageuza boksi, akaona namba ya simu. Hakusema neno. Akachukua simu ya ofisini akaipiga ile namba. Simu ikaita ndani ya mkoba wa mama. Watu wote kwenye foleni wakatabasamu. Kisha akamuuliza, "Mama, nani amekutumia, na kuna nini humu ndani?" Mama akataja sweta, miwani, picha za wajukuu. Dada akalinganisha na ile fomu ya forodha iliyobandikwa juu, ikakubaliana. Akaandika maelezo kwenye daftari kwamba jina ni tofauti na amethibitisha kwa njia ipi, mama akasaini.

Halafu akafanya kitu ambacho ndicho kimenifanya niwashe kamera leo. Kabla ya kumpa namba ya malipo, alichukua karatasi akamwonyesha mama mstari kwa mstari: hii ni ya nini, hii ni ya nini, jumla ni hii. "Mama umeelewa? Kama kuna swali uliza sasa, ukishalipa ni vigumu kurudi nyuma." Mama akauliza swali moja, akajibiwa, akalipa kwa simu yake mwenyewe. Tukiwa tunatoka akamwambia, "Mwambie mtoto siku nyingine aandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho." Mama akajibu, "Huyu hapa mtoto mwenyewe, mwambie." Akaniambia. Nimesikia, dada yangu, na ninakushukuru. Wabeja sana.

Kwangu mimi hiyo ndiyo huduma kwa mteja: kuambiwa mapema. Kabla hujalipa, kabla hujapanda daladala, kabla hujakosea. Tabasamu ni zuri, na kiyoyozi ni kizuri, lakini mteja anachohitaji ni taarifa kamili wakati bado inaweza kumsaidia.

Nawaambia hivi kwa sababu niliwahi kuonja kinyume chake. Miaka miwili iliyopita nilituma boksi kupitia kampuni moja ya usafirishaji, siitaji, na haihusiani na hii posta. Wiki tatu kimya. Nikipiga, "mzigo uko njiani". Mama akaambiwa aende mjini kuchukua. Akatoka Buhongwa na daladala mpaka mjini, akafika, "njoo kesho". Kesho yake vilevile. Alikwenda mara nne. Mtu anayesema "njoo kesho" kwa mama wa miaka 69 ajue kwamba kesho hiyo ina nauli, ina jua, na ina magoti. Angeambiwa tu ukweli, kwamba boksi bado halijatoka Dar es Salaam, angebaki nyumbani na wala asingekasirika. Kilichomuumiza ni kutoambiwa. Nilikuwa mbali, nasikia sauti yake kwenye simu inavyochoka, na sikuwa na la kufanya.

Sasa kule ninakoishi. Wengi mnadhani posta ya Uingereza ni jengo kubwa la kifahari. Ya mtaani kwangu iko ndani ya duka. Unapita mikate, unapita maziwa, kule mwisho kuna kaunta yenye kioo, hiyo ndiyo posta. Nyingi ziko hivyo, zinaendeshwa na wenye maduka. Serikali yao imeweka sharti kwamba kuwe na ofisi zisizopungua 11,500 nchi nzima, na kwamba asilimia 99 ya watu wawe na posta ndani ya maili 3, yaani karibu kilomita 5. Benki nyingi zimefunga matawi, kwa hiyo wazee wanatoa na kuweka pesa hapohapo posta. Utamkuta bibi amesimama dakika kumi anaongea na mhudumu kuhusu paka wake, na hakuna anayeguna.

Siku niliyotuma hiki kifurushi cha mama nilikuwa nimeweka na chupa ya manukato, shangazi aliniomba. Mhudumu akaniuliza, "Kuna manukato, rangi ya kucha, betri?" Nikasema ndiyo, manukato. Akasema hayatumwi kwa posta kwenda nje, yanashika moto na vifurushi vinapanda ndege. Nikalifungua boksi palepale kaunta, akanipa gundi ya karatasi kulifunga tena. Tazama jambo hilohilo: kuambiwa mapema. Angenyamaza, boksi zima lingezuiwa, na miwani ya mama ingebaki huko. (Shangazi, manukato nimekuja nayo kwenye begi la ndege la kukabidhi, yako salama.)

Na wahudumu hawa wameteseka pia, tusisahau. Kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa posta zaidi ya 900 nchini Uingereza walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa pesa ambao kumbe haukuwepo. Watu wa mitaani, wenye maduka, waliojulikana na kila mtu. Ikabidi Bunge lipitishe sheria mwaka 2024 kufuta hukumu. Nikimwona mtu dirishani siku hizi, namsalimia kwanza.

Sasa ninyi mnaoniandikia "dada, nitumie barua, nitumie zawadi", hapa nisikilizeni vizuri. Tatizo letu kubwa ni anwani. Sisi tumekua na S.L.P. Barua zetu zote nyumbani zilikuja kwa sanduku la kazini kwa baba, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu. Leo mtu ananipa S.L.P. ya shule aliyosoma miaka kumi iliyopita! Barua inafika kweli, lakini nani atakutafuta?

Tangu ile kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina kibao cha namba na mtaa una jina. Na kuna postikodi, tarakimu tano. Ya kwanza ni kanda, ya pili inakamilisha mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Mwanza tunaanza na 33. Nyamagana ni 331, Ilemela 332. Nenda ofisi ya mtaa ukaulizie ya kata yako, uiandike mahali. Nikikutumia kitu, nipe majina yako ya kitambulisho, namba ya nyumba, mtaa, kata, postikodi, S.L.P. kama unayo ya kwako kweli, na namba ya simu inayopatikana. Simu ndiyo iliyomwokoa mama.

Na ile namba ndefu ya kufuatilia mzigo, msiipige picha nusu. Ni herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi ulikotoka. Kilichotumwa kutoka Tanzania kinaishia TZ, cha Uingereza GB. Ikianza na E ni EMS, R ni rejista, yaani barua inayoandikishwa, C ni kifurushi. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na zile nane za mwanzo, ndiyo maana ukikosea moja mara nyingi mfumo unaikataa. Mama alikuwa ameandika 1 mahali pa 7 kwenye kikaratasi chake, na yule dada akagundua papo hapo.

Basi. Leo asubuhi nimerudi dirishani pale peke yangu. Nimenunua stempu, nimebandika kwenye bahasha, nimeandika anwani ya jirani yangu wa Leeds, bibi mmoja anayenimwagilia maua nikiwa sipo. Ndani nimeweka picha ya ziwa hili. Yule dada ameipiga muhuri mbele yangu, gonga, akaniuliza kama nataka rejista au ya kawaida, akanieleza tofauti. Nimechukua ya kawaida, nataka nione inachukua siku ngapi. Bibi nimemwomba asiifungue mpaka nirudi, ili niwaonyeshe huo muhuri wa Mwanza ukiwa Leeds.

Mama ananipungia mkono pale, anataka tupitie Mwaloni Kirumba kabla dagaa wazuri hawajaisha. Naja, mama!