Nyota ya Tepe Nne na Upande wa Nyuzi

ELIA: Dada Rehema, shikamoo. Naona umeingia na bahasha iliyojaa tepe za karatasi nyekundu, na uso wako unaniambia kwamba mafunzo matatu tuliyoyapanga leo yatasubiri kidogo.

REHEMA: Marahaba, mdogo wangu. Yatasubiri, kwa sababu wiki hii nilikaa na watoto wa ndugu zangu tukitengeneza nyota za kutundika kwenye mti wa Krismasi, zile za tepe nne ambazo wasikilizaji wetu wamekwisha kuchoka kunisikia nikizisifu, na safari hii nilitumia pakiti ya tepe zilizokatwa tayari kiwandani. Zilikuwa zinapendeza kwa kuzitazama, zinang'aa, na zote zina upana mmoja. Lakini kila tulipokunja ncha, rangi ilipasuka kwenye mkunjo na mstari mweupe ukajitokeza, tena mahali pale pale ambapo macho ya mtu hutua kwanza. Binti mmoja aliikunjua ncha yake, akainyoosha kwa ukucha, kisha akaikunja upya polepole sana, akidhani ni mikono yake iliyoharibu. Hilo liliniuma, maana mikono yake haikuwa na kosa lolote.

ELIA: Ninao utepe mmoja hapa na nimeukunja sasa hivi. Ukiutazama kwa karibu unaona kwamba rangi imepakwa juu tu na kiini ni cheupe. Karatasi iliyotiwa rangi tangu ikiwa rojo, yaani uji wa nyuzi na maji kabla haijawa karatasi, isingetoa mstari huo hata kama mkunjo ungepasuka, kwa sababu ndani na nje ni rangi moja. Kwa hiyo ushauri ni rahisi: pasua kona ya karatasi kabla ya kuichagua, utazame kiini chake.

REHEMA: Ni ushauri mzuri, lakini unaeleza kwa nini tuliona weupe, hauelezi kwa nini karatasi ilipasuka. Karatasi hiyo ni nzito, na nyuzi zake zimelala kufuata urefu wa utepe, ilhali mikunjo mingi ya nyota hii hupita kukata upana wake. Maana yake ni kwamba kila mkunjo ulikuwa unavunja nyuzi badala ya kupita kando yake.

ELIA: Hebu waeleze wasikilizaji habari hiyo ya nyuzi, kwa sababu nina hakika wapo wengi waliotumia karatasi maisha yao yote bila kuambiwa kwamba ina upande.

REHEMA: Karatasi ni nyuzinyuzi za mimea zilizoshikana. Kiwandani rojo lake, ambalo karibu lote ni maji, humwagwa juu ya wavu unaokwenda mbele bila kusimama, na nyuzi nyingi hugeuka zikafuata mwendo huo, kama magogo yanayochukuliwa na mkondo wa mto. Maji yanapochujika zinabaki zimelala hivyo. Ndiyo sababu karatasi ya kiwandani hukunjika kwa ulaini ukifuata nyuzi, na hukataa au hupasuka ukizikata. Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono haina tabia hiyo kwa kiasi hicho, kwa sababu fundi hutikisa chujio lake huku na huku na nyuzi zinalala ovyo ovyo.

ELIA: Na mtu aliye nyumbani na karatasi moja tu mezani atajuaje upande wake?

REHEMA: Njia ninayoipenda ni ya kupindua. Chukua karatasi nzima, ulete kingo mbili zinazotazamana karibu bila kukunja, ubonyeze taratibu kwa kiganja. Kisha uigeuze na ufanye vivyo hivyo kwa kingo nyingine mbili. Upande utakaokubali kwa urahisi, ule mpindo wake umelala sambamba na nyuzi. Njia ya pili ni kuchana: ukifuata nyuzi mpasuko hunyooka, ukizikata mpasuko hukimbilia pembeni na kuacha kingo zenye manyoya. Njia ya tatu ni nzuri zaidi kwa watoto, kwa sababu inafanyika mbele ya macho yao. Kata kipande kidogo cha mraba, ulowanishe uso mmoja kwa maji, ukiweke kwenye kiganja. Kitajikunja chenyewe kuwa bomba, na bomba hilo limelala kufuata nyuzi.

ELIA: Kwa nini kinajikunja hivyo?

REHEMA: Kwa sababu uzi ukinywa maji hunenepa sana na kurefuka kidogo mno. Uso uliolowa unapanuka kukatisha nyuzi, uso mkavu haujapanuka, basi karatasi haina njia ila kupinda. Jambo hilo hilo ndilo linalofanya gundi nyeupe ya maji ikunje karatasi nyepesi, na ndiyo sababu mimi hupendelea gundi kavu ya kusugua kwa mapambo ya karatasi laini.

ELIA: Dada, tulisema nyota itachukua dakika chache kisha tuingie kwenye moyo wa kusuka, lile pambo la karatasi mbili zilizosukwa pamoja. Lakini sasa nimepata swali ambalo siwezi kuliacha. Karatasi ya ofisini ya ukubwa wa A4 ina milimita 210 kwa 297, na kwa kawaida nyuzi zake hufuata ule upande mrefu. Nyota hii inataka utepe ambao urefu wake ni kama mara 25 hadi 30 ya upana. Nikikata tepe za sentimita moja kufuata urefu wa A4, kila utepe una uwiano wa karibu 30 kwa moja, na karatasi moja inanipa tepe 21, yaani nyota tano na utepe mmoja wa ziada. Ni hesabu nzuri kweli. Kumbe kwa maneno yako, tepe hizo zote zina nyuzi upande usiofaa?

REHEMA: Kwa karatasi hiyo ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, huna haja ya kuhangaika, maana ni nyepesi na itakunjika vizuri upande wowote. Upande wa nyuzi huanza kudai haki yake karatasi inapokuwa nzito, kwa mfano ya gramu 160, na hasa ikiwa imepakwa rangi ya kung'aa. Hapo tafuta karatasi kubwa, upime upande wake, ukate tepe zako kwa kukatisha nyuzi, ili kila mkunjo unaokata upana uende sambamba nazo.

ELIA: Na mnyororo wa karatasi je? Pale hatukunji, tunapinda duara.

REHEMA: Kanuni ni ile ile. Utepe wenye nyuzi zinazokatisha upana hupinda ukawa duara safi bila kona, na ule wenye nyuzi zinazofuata urefu hujitahidi kunyooka hata baada ya gundi kukauka. Karatasi ya krepu, ile yenye mikunyanzi midogo midogo, nayo ina upande wake, ingawa sababu ni nyingine: inavutika ukivuta kukatisha mikunyanzi yake, na ukivuta kuifuata haiendi popote. Mtu akikata petali za ua bila kuangalia hilo, petali hazitakubali kutanuliwa kingo.

ELIA: Basi niseme ninachokiona, na najua hutakubaliana nami. Mimi bado nazitetea tepe zilizokatwa tayari. Nyota hii haishindwi kwa sababu ya nyuzi peke yake. Hushindwa zaidi kwa sababu ya tepe zisizolingana upana. Tunakunja kila utepe katikati, tunachonga miisho yake iwe ya mshazari ili ipite kirahisi, tunazifuma zote nne ziwe mraba mdogo, kila moja ikipita kati ya miguu ya mwenzake. Utepe mmoja ukiwa mpana kuliko wenzake hata kwa milimita moja, mraba unalegea na ncha zote zinazofuata zinakaa upande. Mashine hukata sawasawa kuliko mkono wowote. Tena wembe na rula ya chuma si vitu vya kumkabidhi mtoto, wala si vyepesi kwa mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa. Ukiwaambia wakate wenyewe, umewafungia mlango.

REHEMA: Sikubali, Elia. Mtu asiyekata karatasi yake hajui anachokunja. Pakiti ile haikuandikwa uzito wa karatasi, haikuandikwa upande wa nyuzi, haikusema kwamba kiini ni cheupe, na watoto walilipa gharama ya mambo hayo kwa kujilaumu. Nyota hii ina jina la Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1782 na kuanzisha mwaka 1837 ile shule ya watoto wadogo iliyokuja kuitwa chekechea, na kukunja karatasi kulikuwa sehemu ya mafundisho yake kwa sababu mtoto alijifunza umbo kwa kulifanya mwenyewe. Kumkabidhi mtoto tepe zilizokwisha kukatwa ni kumwondolea nusu ya somo.

ELIA: Na mimi nakujibu kwa nyota nyingine ya Ujerumani. Nyota ya Wamoravian, wale Wakristo wa Kiprotestanti, yenye ncha 25, kumi na saba za msingi wa pembe nne na nane za msingi wa pembe tatu, ilianzia kwenye shule yao ya Niesky mwanzoni mwa karne ya 19. Ilienea mno baada ya mwaka 1897, Pieter Verbeek alipotengeneza nyota ya kwanza ambayo mtu angeweza kuiunganisha na kuifungua tena, na hadi leo familia hukaa pamoja kuunganisha ncha zilizotengenezwa karakana ya mji wao wa Herrnhut. Je, utasema hao hawatengenezi pambo lao?

REHEMA: Nitasema wanaunganisha, na kuunganisha ni kazi ya heshima, ila Niesky ilikuwa shule, na nyota ile ilikuwa somo la jiometria. Wanafunzi walipima, wakakata, wakakunja. Umechukua mfano unaonisaidia mimi.

ELIA: Haukusaidii, dada. Somo la darasani linahitaji mwalimu na muda, na jioni moja nyumbani kabla ya sikukuu ina mtoto anayetaka kuona nyota yake mtini leo hii. Ningependa apate nyota iliyolingana kwa tepe za pakiti, kisha mwakani aulize habari za nyuzi.

REHEMA: Na iwapo nyota yake ya kwanza imepasuka ncha zote, mwakani hatauliza, hatakunja kabisa.

ELIA: Hiyo ni pakiti mbaya. Usihukumu pakiti zote kwa hiyo moja.

REHEMA: Nazihukumu zote zisizomwambia mtu kilichomo. Na hapo, mdogo wangu, sitasogea.

ELIA: Wala mimi. Tuwaeleze basi wasikilizaji sehemu inayowatatiza wengi, maana saa inatukimbia. Baada ya mraba kukaza, tepe za juu hulazwa moja baada ya nyingine kuzunguka, na ya mwisho huchomekwa chini ya ile ya kwanza. Kisha kila mguu hukunjwa mara mbili kwa mshazari, hukunjwa tena juu yake wenyewe, na mwisho wake huchomekwa chini ya mraba ulio jirani. Unapata ncha nne za bapa upande huu na nne upande wa pili.

REHEMA: Halafu zipo nane za kusimama, na hapo ndipo watu huvunjika moyo. Utepe hupindwa kurudi nyuma bila kukunjwa kabisa, uso wake wa chini ukigeuzwa juu, kisha huingizwa chini ya mraba wa katikati mpaka utokeze kwenye ncha ya bapa iliyo upande wa pili. Usivute kwa nguvu. Vuta hadi ncha isimame kama pembe ya koni, uache hapo hapo, kwa sababu ukiendelea inabonyea na haisimami tena vizuri. Ziada hukatwa usawa wa ncha. Zote kwa jumla ni ncha 16, na hakuna tone la gundi.

ELIA: Naonyeshwa ishara kwamba tuna dakika moja. Moyo wa kusuka na mnyororo hatujaugusa, na nilikuwa na habari ya moyo wa karatasi alioutengeneza Hans Christian Andersen, yule mwandishi wa hadithi wa Denmaki, mwaka 1860, ambao bado umehifadhiwa. Tutaanza nao wiki ijayo bila kupitia jambo lingine.

REHEMA: Andaeni karatasi mbili za rangi tofauti, nyepesi, zilizokunjwa katikati, na mkasi mkali. Na tafadhali pimeni upande wa nyuzi kabla hamjakata.

ELIA: Au njooni na zilizokatwa tayari.

REHEMA: Elia!

ELIA: Muda umekwisha, dada. Tukutane wiki ijayo.