Supu ya taco kwa bizari ya pilau, dakika 40 tu

Assalaam alaykum, karibuni tena jikoni kwangu hapa Unguja. Leo si urojo, ile supu yetu ya Zanzibar, ingawa mama alipochungulia sufuria hii mara ya kwanza aliniuliza, "Urojo wa wapi huu, mbona mwekundu?" Nikamwambia ni wa Marekani, upande wa Texas, kule wanakopakana na Mexico. Wenyewe wanaiita supu ya taco.

Taco ni chapati nyembamba ya mahindi ya Wamexico, inakunjwa na nyama ndani. Kwenye supu hii chapati hamna. Imechukuliwa nyama na viungo vyake, vikaongezwa maji, maharage na mahindi. Kule inasifiwa kwa wepesi: mtu anafungua kopo la maharage, kopo la mahindi na kopo la tungule, yaani nyanya, anamimina, kwisha. Sisi sokoni Darajani tunapata vyote bila makopo, ila maharage lazima yatangulie.

Na hapo kwenye maharage ndipo nilipoharibikiwa mimi. Mara ya kwanza niliyatia hayajaiva vizuri, nikijiambia yatamalizikia humo humo kwenye tungule. Saa mbili nzima gesi inaungua, maharage magumu kama kokoto! Uchachu wa tungule ndio unaoyazuia kulainika. Kwa hiyo yaroweke usiku mzima, mwaga maji yale, tia mapya, chemsha mpaka ukibonyeza kwa vidole yanapondeka. Yale mekundu makubwa yaache yatokote kwa nguvu nusu saa ya mwanzo, usiyaanze kwa moto mdogo, maana yakibaki mabichi yanasumbua tumbo vibaya sana. Mimi huchemsha kilo nzima, nikagawa kwenye vifuko, nikaweka friza. Leo nimetoa vikombe 2, na ndiyo maana nathubutu kusema dakika 40.

Haya, bismillah. Sufuria pana, mafuta vijiko 2 vya supu, moto mkali. Nyama ya kusaga nusu kilo. Itandaze, halafu iache. Jamani, iacheni! Mnaona inavyotoa maji? Msiogope wala msianze kukoroga. Maji yatakauka, na mtasikia mlio unabadilika, kutoka kuchemka kuja kukaangika. Ehe, huo. Sasa ndio uivunjevunje kwa mwiko, mpaka ipate rangi ya kahawia.

Vitunguu 2 vilivyokatwakatwa, pilipili boga 1, vikilainika tia chembe 4 za thomu iliyotwangwa.

Sasa viungo. Wengine mmeniomba niwaelekeze pa kupata zile pakiti za viungo vya taco. Hamzihitaji. Ladha unayoisikia mle ndani ni ya pilipili ya unga na bizari nyembamba, hii hii tunayotia kwenye pilau. Nimeikaanga kavu, nikaitwanga sasa hivi: kijiko 1 na nusu cha chai. Giligilani ya unga, nusu kijiko. Pilipili ya unga, nusu, na kama kuna watoto punguza. Na hapo ndio mwisho. Najua mkono wa Mzanzibari unavyowasha ukiona karafuu, lakini leo uzuieni. Karafuu, mdalasini na hiliki vikiingia humu, umeshapika kitu kingine, kizuri pengine, lakini si hiki. Viungo hivi vitie kabla ya maji, vikaangike na mafuta kwa dakika moja, kwa sababu harufu yake hutoka kwenye mafuta kuliko kwenye maji.

Tungule 5 nimezisaga kwenye blenda. Mimina, ongeza tungule ya kopo, ile nzito, vijiko 2 vya supu kwa ajili ya rangi, na chumvi. Pika mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Ukiharakisha hapa, supu yote itanuka ubichi.

Yamejitenga. Maji vikombe 5, maharage yetu, na mahindi. Haya ni mahindi 2 ya kuchoma niliyonunua jana jioni barabarani, nimeyapukuchua kwa kisu. Mabichi pia yanafaa, lakini ya kuchoma yanaleta moshi kidogo, na supu hii inaupenda moshi. Ikichemka, punguza moto, funika nusu, dakika 15.

Wakati tunangoja, fikirini jambo moja. Mahindi, tungule, pilipili, maharage haya, hata muhogo, vyote asili yake ni Amerika. Mahindi yalifika pwani yetu zama za Wareno. Na bizari nyembamba haikuwa ya kule, ilipelekwa Mexico na Wahispania. Kwa hiyo mtu akikwambia chakula hiki ni kigeni, mwulize kigeni kwa nani.

Tufunue. Kama unaiona nyepesi, usitie unga, unga ni wa urojo. Ponda maharage kidogo kwa mgongo wa upawa hapo hapo ubavuni mwa sufuria, itashika yenyewe. Zima moto. Sasa ndio ndimu, 2 kamili, na kotmiri kwa wingi. Ndimu ikichemshwa inapoteza ule uchangamfu wake, hubaki uchungu tu.

Kwenye bakuli, mla urojo hahitaji mwalimu. Kule wanatia juu vipande vya chapati ya mahindi vilivyokaangwa, mimi natia krispi za muhogo. Zitie mtu akiwa ameshakaa mkekani, kijiko mkononi, zisije zikalowa. Vipande vya parachichi. Kijiko cha mtindi, na mtindi utiwe bakulini tu, ukiuchemsha unakatika. Anayetaka pilipili mbuzi, ipo pale pembeni.

Inatosha watu 6, au 4 wakiwa wamefunga. Ikibaki, ihifadhi peke yake bila vya juu. Kesho itakuwa nzito, iongeze maji kidogo na ndimu mpya.

Mama keshakaa. Anataka chatini ya nazi, ile ya urojo, atie juu. Nimemwambia haiendi na hii. Keshatia.